Kuchagua Wino wa Bluu wa Kalamu ya Nibu: Mwongozo Kamili kwa Waandikao Mwanza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mwenye kalamu ya nibu, iwe ni Hero ya China aliyoinunua mjini au Parker ya zamani aliyoachiwa na mzazi wake, ambaye sasa anataka kuijaza wino wa bluu na hajui achukue chupa ipi. Wanunuzi wengi hutazama rangi kwanza. Mimi nashikilia kwamba rangi ndiyo inayopaswa kuulizwa mwisho, baada ya kujua maandishi yatakwenda wapi, yataandikwa kwenye karatasi gani, na kalamu yenyewe ina tabia gani. Bluu ya kuvutia inayochuja kwa tone moja la mvua kwenye mkataba wa kiwanja ni hasara, hata kama chupa yake ilikuwa ya bei kubwa.

Ni vyema kuelewa kwanza jinsi kalamu hii inavyofanya kazi. Ndani yake hakuna kinachosukuma wino. Wino huteremka taratibu kupitia mifereji myembamba ya kipande cha plastiki au eboniti (mpira mgumu) kilicho chini ya nibu, huingia kwenye ufa wa nibu, na karatasi ndiyo inayouvuta utoke, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Wakati huohuo hewa huingia kwa njia hiyohiyo kushika nafasi ya wino uliotoka. Kwa hiyo wino wa kalamu ya nibu ni lazima uwe mwepesi kama maji, usiwe na gundi, na usiache masalia yanayoweza kuziba mifereji hiyo.

Hatua ya kwanza: hakikisha chupa ni ya wino wa kalamu

Katika duka la vifaa vya ofisi unaweza kukuta rafu moja ina chupa ndogo za wino wa bluu za aina tofauti kabisa: wino wa mhuri, wino wa kujazia maka peni za ubao mweupe, wino wa printa, na wino wa kalamu. Zote ni za bluu, na muuzaji asiyetumia kalamu ya nibu anaweza kukupa yoyote kwa nia njema kabisa. Wino wa mhuri hutengenezwa ili usikauke upesi kwenye pedi yake, kwa hiyo ndani ya kalamu hunata na kwenye karatasi hubaki mbichi kwa muda mrefu. Wino wa maka peni umeyeyushwa kwa spiriti, ambayo inaweza kuharibu plastiki ya kalamu, na karatasini hutambaa pande zote. Wino wa printa nao umetengenezwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya ufa wa nibu.

Ulio hatari kuliko yote ni wino wa kuchorea, ule ambao watu huuita wino wa Kichina, pamoja na wino wa akriliki wa wachoraji. Wino wa Kichina wa chupa mara nyingi hutiwa sheleki, aina ya vanishi, ili mchoro usifutike, na sheleki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Kalamu iliyojazwa wino huo na kuachwa juma moja inaweza kuwa imeziba moja kwa moja. Wino huo ni wa nibu za kuchovya tu.

Basi soma lebo. Ni lazima itaje kalamu ya nibu kwa maneno, au walau ionyeshe picha ya nibu. Kisha inua chupa uelekeze kwenye mwanga na uiinamishe polepole: ukiona tope limeganda chini na haliondoki, au utando umeelea juu, irudishe. Majina yanayoaminika kwa bluu ya kila siku ni Pelikan 4001 ya Ujerumani, Waterman ya Ufaransa, Diamine ya Liverpool, na Quink, ambayo kampuni ya Parker iliianzisha mwaka 1931. Kama duka lako halina hata mmoja kati ya hizo, ni afadhali kumwagiza mtu anayesafiri kwenda Dar es Salaam au Nairobi kuliko kubahatisha.

Hatua ya pili: amua maandishi yatakwenda wapi

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na ningependa msomaji akae hapa muda mrefu kuliko penginepo. Wino wa bluu wa kalamu ya nibu una koo tatu kubwa, na tofauti zake hazionekani kwa macho ukiwa dukani.

Ukoo wa kwanza ni wino wa rangi iliyoyeyushwa majini. Huu ndio ulio mwingi zaidi. Ni mpole kwa kalamu, husafishika kwa maji matupu, na una wigo mpana wa bluu. Udhaifu wake ni kwamba kilichoyeyuka majini mara ya kwanza huyeyuka tena kikikutana na maji. Bluu ile ya shuleni, kama Pelikan 4001 Royal Blue au Quink yenye lebo ya "Washable", ni ya ukoo huu, na imetengenezwa makusudi itoke kwenye mashati ya wanafunzi. Wanafunzi wa Ujerumani wana kalamu maalumu ya kuifuta: wakipitisha juu ya neno, bluu hutoweka kabisa na karatasi hubaki nyeupe. Hilo ni jambo jema darasani. Kwenye hundi, mkataba wa pango au hati ya mauziano ni jambo la hatari, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kuifuta tarakimu yako na kuandika yake bila kukwangua karatasi.

Ukoo wa pili ni wino wa chuma, ambao rangi yake ni bluu-nyeusi. Ndani yake mna chumvi ya chuma pamoja na asidi za tanini au galiki, na hivyo viwili vikikutana na hewa kwenye nyuzi za karatasi huunda kitu cheusi kisichoyeyuka majini. Kwa kuwa mchanganyiko huo ukiwa mbichi ni hafifu mno kusomeka, hutiwa rangi ya bluu ili mwandishi aone anachoandika. Ndiyo maana neno huanza likiwa bluu na baada ya saa au siku huwa jeusi-jeusi. Henry Stephens, daktari wa London, alianza kuuza wino wa bluu-nyeusi mwaka 1832, na ukoo huo haujafa mpaka leo: Platinum Blue-Black ya Japani, Pelikan 4001 Blue-Black na Salix ya Rohrer & Klingner ni wa chuma, na Diamine hutengeneza Registrar's Ink, wino wa aina iliyotumika kwenye daftari za vizazi, ndoa na vifo huko Uingereza. Wino huu una asidi, kwa hiyo haufai kusahauliwa ndani ya kalamu ya nibu ya chuma, lakini kwa mtu anayeiosha kalamu yake kila baada ya majuma machache sioni sababu ya kuuogopa.

Ukoo wa tatu ni wino wa chembe, ambamo rangi haikuyeyuka bali imesagwa ikawa chembe ndogo sana zinazoelea majini. Platinum Pigment Blue na Sailor Sei-Boku ni mifano yake. Chembe hizo zikishakauka karatasini, maji hayaziondoi, na jua huzishinda kwa shida. Lakini zikikauka ndani ya kalamu, tabu ni ileile. Wino wa ukoo huu unamfaa mtu anayeandika kila siku, si anayeitoa kalamu mara moja kwa mwezi.

Sasa weka kazi yako mbele ya koo hizo. Mwanafunzi wa SAUT, chuo kikuu cha hapa Mwanza, anayeandika muhtasari wa mihadhara anatosheka na bluu ya kuyeyuka. Mtahiniwa wa mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ambayo maelekezo yake huruhusu wino wa bluu au mweusi, achukue bluu iliyokoza vya kutosha, asichukue samawati, ili msahihishaji asisumbuke. Karani anayeandika kilo za sangara na dagaa mwaloni Kirumba, mahali ambapo mikono ina maji na daftari linawekwa juu ya kreti, ahitaji wino wa chembe na si mwingine. Mwanasheria, mtendaji wa mtaa, na kila anayetia saini hati zitakazotunzwa kwenye faili kwa miaka, achague chuma au chembe. Kwa saini bluu ina faida yake ya zamani: husaidia kutambua hati halisi mbele ya kivuli chake kilichotolewa kwa mashine ya fotokopi nyeusi, na kwa hiyo wino wa chuma unaoishia kuwa mweusi kabisa huipunguza faida hiyo. Kwa saini basi mimi hupendelea wino wa chembe wa bluu.

Yupo mtu mmoja ambaye sitamshauri wino wowote: anayejaza vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni. Nakala ya pili hupatikana kwa kukandamiza, na nibu haikandamizwi. Huyo abaki na peni yake ya kawaida kwa kazi hiyo.

Hatua ya tatu: ichunguze karatasi unayoandikia

Wino uleule unaosimama wima kwenye karatasi moja hutambaa kwenye nyingine. Karatasi za rimu za A4 za gramu 80 hutofautiana sana kiwanda kwa kiwanda. Zile za gramu 70 na kurasa za madaftari ya bei nafuu mara nyingi zina nyuzi zilizolegea ambazo hunywa wino haraka, zikauacha utambae pembeni mwa herufi na kutokeza upande wa pili. Kaunta buku nazo haziko sawa: nunua moja kwanza, jaribu ukurasa wa mwisho, ndipo ununue za mwaka mzima.

Kwa karatasi zinazokunywa hivyo, tafuta wino mkavu, yaani unaotoka kwa uchache. Pelikan 4001 unasifika kwa ukavu huo, na wino wa chuma nao kwa kawaida hutambaa kidogo kuliko mingine. Wino unaotiririka sana, kama ule wa Pilot uitwao Iroshizuku, ni raha kwenye karatasi iliyobanwa vizuri, na ni karaha kwenye daftari la kawaida. Karatasi inayong'aa, ya vyeti na kadi, ina tabia ya kinyume: haiunywi wino, kwa hiyo saini hukaa mbichi na kidole huipakaza.

Hatua ya nne: itazame kalamu

Nibu huwa na alama ya upana: EF na F ni nyembamba, M ya kati, B pana. Nibu F ya Japani huandika mstari mwembamba kuliko F ya Ulaya. Nibu nyembamba hutoa wino kidogo, kwa hiyo bluu hafifu itaonekana hafifu zaidi na utahitaji iliyokoza. Nibu pana hutoa wino mwingi, huonyesha mkolezo na mfifio ndani ya herufi moja, lakini huchelewa kukauka. Kalamu inayotiririka sana ipe wino mkavu, na inayokatakata maneno ipe wino wenye maji mengi, kama Waterman Serenity Blue, kabla hujaipeleka kwa fundi.

Kalamu za zamani zenye kifuko cha mpira ndani, na zile zenye kifuko cheupe cha kubinya kama Hero nyingi, zitendewe kwa upole. Wino wenye bluu kali kupita kiasi, na mfano mashuhuri ni Baystate Blue ya Noodler's kutoka Marekani, hutia madoa kwenye plastiki na haupaswi kuchanganywa na wino mwingine. Bluu yake inapendeza kweli. Ipewe kalamu yake peke yake, ya bei nafuu na isiyo ya kuona ndani.

Fikiria pia mkono. Anayeandika kwa mkono wa kushoto hupitisha kiganja juu ya neno alilotoka kuliandika, na mwalimu wa madrasa anayeandika hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia hukutwa na jambo hilohilo kwa kuwa mstari wake unakwenda kushoto. Hao wawili watangulize wino unaokauka haraka mbele ya sifa nyingine zote.

Hatua ya tano: sasa chagua bluu

Ukishafika hapa, chupa zilizobaki mbele yako zitakuwa chache, na unaweza kuchagua kwa moyo. Bluu ya kifalme ni angavu na ina wekundu kidogo ndani yake. Bluu-nyeusi ni tulivu na inafaa ofisini. Samawati na bluu zenye kuelekea kijani hupendeza kwenye barua ya kirafiki, lakini huchosha macho kwenye kurasa nyingi. Pelikan wana wino wa Edelstein uitwao Tanzanite, kwa jina la jiwe letu la Mererani. Ni bluu-nyeusi nzuri sana, ila ni wino wa rangi iliyoyeyushwa, hauna chuma ndani, kwa hiyo usiupe kazi ya hati za kudumu kwa sababu tu ni wa giza.

Hatua ya sita: fanya majaribio mwenyewe

Usiamini lebo, hata ile iliyoandikwa "Permanent". Chukua karatasi unayotumia kila siku, kalamu yako, na uandike sentensi moja mara nne.

Sentensi ya kwanza ni ya muda wa kukauka. Pitisha kidole kwenye neno la kwanza baada ya sekunde tano, la pili baada ya kumi, la tatu baada ya ishirini, na kuendelea mpaka pasipopakazika. Fanya hivyo siku ya kawaida na urudie siku ya mvua za masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu hewa yenye unyevu huchelewesha sana kukauka.

Sentensi ya pili iache ilale usiku kucha, hasa kama ni wino wa chuma, kisha idondoshee tone la maji juu ya neno moja na uliache dakika moja kabla ya kulifyonza kwa ncha ya karatasi laini bila kusugua. Angalia kwa makini. Kwa bluu ya shuleni utaliona tone lenyewe likigeuka bluu mbele ya macho yako, na ukilifyonza litabaki duara la samawati ambamo herufi imepotea au imebaki kivuli. Kwa wino wa chuma, bluu itaelea na kuondoka, lakini chini yake utabaki mstari wa kijivu kilichokoza unaosomeka bila shida. Kwa wino wa chembe, maji yatabaki meupe. Jaribio hili moja linakueleza mengi kuliko maneno yote ya muuzaji, na kwa mtu anayesafiri na karatasi zake kwenye kivuko cha Kamanga au kwenye meli ya Nansio, ndilo ninaloliona la lazima.

Sentensi ya tatu ni ya jua. Ifunike nusu kwa kadibodi, ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na uiache mwezi mzima. Mwanza iko karibu sana na ikweta na jua lake halina huruma kwa karatasi. Ukiondoa kadibodi, mpaka kati ya nusu mbili utakuonyesha wino umepauka kiasi gani. Bluu za kufutika ndizo hupauka upesi.

Sentensi ya nne igeuze tu ukurasa, utazame kama unaweza kuandika upande wa pili.

Hatua ya saba: nunua kwa hesabu

Konveta, kile kibomba kidogo cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa, kwa kawaida hubeba chini ya mililita moja. Chupa ya mililita 50 basi huijaza kalamu zaidi ya mara hamsini, na hata chupa iliyokutisha bei ukiigawa hivyo huwa nafuu kuliko katriji, yaani vibomba vinavyouzwa vikiwa vimeshajazwa wino. Zaidi ya hapo, katriji za Parker, Lamy, Pilot, Platinum na Sailor kila moja ina umbo lake, na ukikwama Mwanza bila katriji za kampuni ya kalamu yako umekwama kweli. Chupa hujaza kalamu zote.

Kwa anayeanza, ninapendekeza chupa mbili: bluu moja ya kuyeyuka kwa maandishi ya kila siku, na moja ya chuma au chembe kwa hati. Kila moja iwe na kalamu yake ikiwezekana.

Kubadilisha wino na kutunza chupa

Usichanganye wino wawili wala usiongeze mpya juu ya wa zamani. Mmoja unaweza kuwa na asidi na mwingine kinyume chake, na wakikutana hujenga mashapo yanayoziba mifereji. Vuta na kutoa maji safi ya baridi mpaka yatoke meupe; kama bluu inang'ang'ania, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, kisha suuza tena kwa maji matupu. Maji ya moto yasitumike. Wapo wanaopenda kusuuzia maji ya betri kwa kuwa hayana madini: ni sawa, mradi umehakikisha kwamba ni maji yaliyokenekwa na si asidi ya betri, kwani chupa zake hufanana na mara nyingi huuzwa pamoja.

Chupa ikae kabatini mbali na jua, kifuniko kikiwa kimekazwa, na tarehe ya kufunguliwa ikiwa imeandikwa chini yake. Usichovye kalamu yenye masalia ya wino mwingine. Badala ya kuifungua chupa kubwa kila mara, mimina kiasi kidogo kwenye kichupa safi na ujazie kutoka hapo, kisichotumika usikirudishe. Ikitokea umeona ukungu umeelea juu ya wino, au harufu yake imebadilika kuwa ya uvundo, mwaga chupa yote na uioshe kila kalamu iliyokunywa kutoka humo, kwa sababu ukungu huo huhamia kwenye chupa inayofuata.